Barafu Haikufika Shengena

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI atokaye Same alfajiri kwenda Moshi, mbingu zikiwa safi, huwa na milima ya namna mbili ya kutazama. Kulia kwake imejipanga milima ya Upare, ya kijani juu na ya kahawia chini. Mbele yake huchomoza Kibo na kofia yake nyeupe, ambayo siku hizi imebaki vipande vipande. Basi likiwa na watoto, swali halikosekani: Mbona mlima ule una barafu na huu wetu hauna? Na je, hapo kale haukuwahi kuwa nayo?

Wazazi wengi hujibu kwa neno moja, "urefu", kisha hurudia usingizi wao. Jibu hilo si la uongo. Kibo kina mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, na Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, kina mita 2,462. Lakini swali la pili la mtoto ni zito kuliko la kwanza, maana barafu ya Kilimanjaro haikuwa siku zote ndogo kama ilivyo leo. Kulikuwa na wakati iliposhuka mbali sana mlimani, na nchi yote iliyouzunguka ikawa na sura nyingine.

Leo, ndugu msomaji, tuzungumze habari za wakati huo: tumejuaje kwamba ulikuwako, uliitendea nini nchi yetu, na kwa nini mama anayesubiri ndoo yake ijae pale Same anahusika na mambo yaliyotokea miaka 20,000 iliyopita.

WEUPE ULIOITWA BARIDI

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya mlima mkubwa. Alipomwuliza kiongozi wake wa njia, alijibiwa kwamba kitu kile ni "baridi". Kiongozi yule hakuwa na jina la theluji, lakini alikwisha kuitaja sifa yake iliyo kubwa kuliko zote, na Rebmann akafahamu.

Habari hizo zilipofika London, bingwa mmoja wa jiografia aliyeitwa William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuukanyaga mlima huo, alizikanusha vikali. Theluji karibu na Ikweta! Ubishi ulidumu zaidi ya miaka kumi, hata Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na tena mwaka 1862, akathibitisha kwamba mtu wa Rabai na kiongozi wake walisema kweli.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwezi Oktoba 1889. Meyer aliporudi mlimani mwaka 1898 alikuta barafu imekwisha kupungua kuliko alivyoiacha miaka tisa nyuma. Naye mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory, alipopanda Mlima Kenya mwaka 1893, aliona jambo la kinyume chake: alama za barafu mahali palipo chini sana, pasipo na barafu kabisa. Hapo ndipo maswali ya kweli yalipoanza. Kama barafu iliwahi kushuka mpaka kule, ilishuka lini, na kwa sababu gani?

GREDA LISILO NA DEREVA

Ili kuzielewa alama hizo yatupasa kwanza kuijua tabia ya barafu. Theluji ikianguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, hujilundika. Uzito wa juu huigandamiza ile ya chini mpaka ikawa barafu ngumu. Lundo hilo likifikia unene wa makumi ya mita, huanza kutambaa kufuata mteremko kwa uzito wake lenyewe, polepole, hata mtu akisimama kulitazama hataona kitu. Huo ndio mto wa barafu.

Mto wa barafu hufanya kazi kama greda la barabarani. Huchimba, hubeba, na husukuma. Mawe yaliyonaswa chini yake huikwaruza miamba na kuacha mistari inayolingana, yote ikielekea upande mmoja. Mzigo uliosukumwa mbele na pembeni hubaki kama tuta pale barafu inapokomea, kwa kuwa hapo barafu huyeyuka na haiwezi tena kubeba. Tuta la namna hiyo huitwa morena. Ndani yake udongo laini, kokoto na majabali makubwa kama nyumba huchanganyika ovyo. Mto wa maji haufanyi hivyo. Mto wa maji huchambua mzigo wake: changarawe huiweka mahali pake, mchanga mahali pake, na tope huenda nalo mbali.

Hata bonde husema ni nani aliyelichimba. Mto wa maji huchonga bonde lenye umbo la herufi V, jembamba chini. Barafu hulikwangua bonde zima, pande zote na sakafu, likatoka na umbo la herufi U. Anayetaka kuliona vizuri na apande Mlima Kenya, alitazame bonde la Teleki: pana, la sakafu bapa, na kuta zilizosimama kama za karai.

JARIBIO LA JIKONI

Wenye jokofu nyumbani wanaweza kuwaonyesha watoto mambo haya Jumapili hii hii. Weka mchanga mnene na kokoto ndogo chini ya kopo, jaza maji, uligandishe usiku kucha. Kesho yake toa bonge la barafu, uligeuze upande wenye mchanga uwe chini, kisha ulisukume kwa nguvu juu ya mche wa sabuni ya kufulia. Sabuni itatoka na mistari inayolingana, na mbele ya bonge yatajikusanya makombo ya sabuni.

Sasa liache bonge hilo juu ya ubao mpaka liyeyuke. Maji yatakwenda zake, na mchanga utabaki umerundikana palepale barafu ilipokuwa. Mtoto aliyeyaona hayo amekwisha kuelewa namna wataalamu wanavyousoma mlima: barafu imeondoka, lakini mzigo wake umebaki kuwa shahidi.

USHAHIDI WA MAWENZI

Katika mwaka 1953 na 1957, wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Sheffield, wakishirikiana na Idara ya Jiolojia ya Tanganyika, waliupima Kilimanjaro na kuuchorea ramani. Mmoja wao, Charles Downie, alieleza mwaka 1964 kwamba mlima huo umepitia vipindi kadhaa vya barafu, wala si kimoja tu. Matuta ya kale yamekaa chini ya mapya, na kati yake yamo mawe ya volkeno yaliyomwagika barafu ilipokuwa imepungua.

Shahidi aliye mwepesi kumwelewa ni Mawenzi, ndugu yake Kibo, mwenye mita 5,149. Leo Mawenzi hauna mto wa barafu hata mmoja. Theluji huanguka, ikakaa siku chache, ikayeyuka. Hata hivyo mitelemko yake ina morena zilizo wazi kabisa. Mlima usio na barafu umewezaje kuwa na mzigo wa barafu? Jibu ni moja tu: ilikuwapo, nayo ilikuwa kubwa.

Kuhusu umri wa matuta hayo, wataalamu wamepata njia ya ajabu. Kutoka anga za mbali hunyesha daima miale tusiyoiona kwa macho. Miale hiyo ikilipiga jiwe lililo wazi, huzalisha ndani yake kiasi kidogo mno cha aina adimu ya klorini. Jiwe likiwa limefunikwa na barafu au ardhi, miale haifiki. Siku barafu inapoliacha juu ya tuta, saa ya jiwe hilo huanza kuhesabu. Timothy Shanahan na Marek Zreda waliyapima hivyo mawe ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na mwaka 2000 wakatangaza matokeo. Baadhi ya matuta makubwa ya Kilimanjaro yana umri wa takriban miaka 20,000.

Tarehe hiyo inakubaliana na mambo ya dunia nzima. Ndiyo miaka ambayo nchi ya Kanada na sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini zililala chini ya barafu, mahali pengine yenye unene wa zaidi ya kilomita 3. Sababu kubwa iko angani. Njia ya dunia kulizunguka jua, pamoja na mwinamo wake, hubadilika polepole sana kwa makumi ya maelfu ya miaka, na mabadiliko hayo hugawa upya joto la jua juu ya nchi. Majira ya joto ya kaskazini yakipoa, theluji haiyeyuki yote, na barafu huanza kukua.

Huko Ruwenzori nako kuna ushahidi. Ziwa dogo la Mahoma, upande wa Uganda, limezibwa na tuta la barafu karibu na mita 3,000 tu juu ya bahari. Mwanasayansi Mmarekani Daniel Livingstone, ambaye si yule mmisionari tumjuaye, alichimba tope la chini ya ziwa hilo na kutangaza mwaka 1962 kwamba zaidi ya miaka 14,000 iliyopita barafu ilikuwa tayari imekwisha kuondoka hapo.

TOPE NALO LINA KUMBUKUMBU

Lakini zama za barafu hazikuwa habari ya vilele peke yake. Huku chini kulikuwa na baridi na, jambo lililo kubwa zaidi, kulikuwa na ukame. Bahari zilizopoa zilitoa mvuke mchache, na mvuke mchache ni mvua chache.

Ziwa Chala, lililomo ndani ya shimo la volkeno kwenye mpaka wetu na Kenya, mashariki ya Kilimanjaro, limehifadhi habari hizo vizuri ajabu. Kila mwaka chembe za vumbi, mimea na viumbe vidogo huzama na kulala juu ya zile za mwaka uliotangulia, kama gazeti juu ya gazeti. Mwaka 2016 wataalamu wa mataifa mbalimbali walichimba humo zaidi ya mita 200 za tope, ambalo la chini kabisa lina umri wa yapata miaka 250,000. Uchimbaji wa awali wa mwaka 2005 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba katika maelfu ya miaka yaliyofuata kilele cha zama za barafu mvua zilikuwa haba sana kuzunguka Kilimanjaro.

Na Chala lilipona. Ziwa Viktoria halikupona. Tope lake lina tabaka la udongo wa nchi kavu uliowahi kuota majani, jambo lionyeshalo kwamba sakafu ya ziwa hilo kubwa ilikuwa mbuga. Lilijaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, mvua ziliporudi.

Pwani nako bahari ilikuwa imeshuka takriban mita 120, kwa sababu maji yalikuwa yamefungwa katika barafu za kaskazini. Mkondo wa Unguja una kina kidogo, hivyo mtu angeweza kutoka bara na kufika Unguja kwa miguu. Katika pango la Kuumbi, kusini mashariki ya kisiwa, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hawakufika huko kwa jahazi. Pemba, ambayo mkondo wake una kina kirefu sana, ilibaki kisiwa.

UPARE ULIKUWAJE?

Sasa turudi kwenye swali la mtoto ndani ya basi. Mabonde ya Upare, ya Kaskazini na ya Kusini, ni ya umbo la V. Yamechongwa na maji. Hakuna morena, hakuna mistari ya mikwaruzo, hakuna majabali yaliyoletwa kutoka mbali na kutelekezwa. Miamba yake yenyewe ni ya kale mno, migumu, iliyopikwa chini ya ardhi mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, kabla Kilimanjaro hakijafikiriwa. Milima hiyo ni mizee kuliko jirani yake mrefu, lakini haina kovu hata moja la barafu.

Hesabu nayo inakubali. Wataalamu wengi hukadiria kwamba wakati wa baridi kuu Afrika Mashariki ilikuwa imepoa kwa nyuzi 4 hadi 6 hivi za Sentigredi kuliko leo. Upandapo mlima, kila mita 100 hupunguza joto kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kwa hiyo Shengena ya wakati ule ilikuwa na baridi ya mahali palipo na mita 3,400 hivi leo. Wapandaji wa Kilimanjaro wanapajua mahali hapo: ni katikati ya vibanda vya Mandara na Horombo. Usiku umande huganda juu ya majani, na mtu hulala na soksi mbili. Lakini mto wa barafu hauwezi kuzaliwa hapo.

Basi barafu haikufika Shengena. Je, msitu ulifia wapi, kama baridi na ukame vilikuwa vikali hivyo? Hapa ndipo penye habari njema.

Maua ya miti hutoa chavua, unga ule mwembamba unaochukuliwa na upepo na nyuki. Kila chembe ina ganda gumu lenye nakshi yake, na ikizama katika kinamasi isipopata hewa, hudumu maelfu ya miaka. Mtaalamu akiitazama kwa hadubini hutambua imetoka mti gani. Uchunguzi wa vinamasi vya milima ya Udzungwa, uliotangazwa mwaka 2008, na wa Uluguru, uliotangazwa mwaka 2009, ulirudi nyuma karibu miaka 40,000 na zaidi. Mahali pengi barani Afrika chavua ya wakati wa barafu huonyesha misitu ikigeuka nyasi. Katika milima hiyo miwili, msitu ulibadilika kidogo tu. Aina za miti ya baridi zilishuka chini kiasi, lakini msitu wenyewe ulidumu.

Milima ya Udzungwa, Uluguru, Nguru, Usambara na Upare ni ya ukoo mmoja. Wataalamu huiita Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Yote huupokea upepo wa Bahari ya Hindi. Bahari hiyo haikupoa kupita kiasi, na upepo wake, hata mvua zilipokuwa chache, uliendelea kuleta ukungu. Miti ya mlimani huunywa ukungu: huukamata kwa majani na kwa kuvu na ndevu zinazoning'inia matawini, ukadondoka chini tone kwa tone.

Upare Kusini una ushahidi wake ulio hai. Katika misitu yake huishi ndege mdogo wa rangi ya kijani na manjano, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye wanasayansi humwita Zosterops winifredae. Hapatikani mahali pengine popote duniani. Ndege wa msituni hawezi kuwa wa pekee namna hiyo kama msitu wake ni wa juzi. Ametengwa na jamaa zake wa milima mingine kwa muda mrefu, na muda wote huo alikuwa na msitu wa kuishi.

KILICHOSHINDWA NA BARAFU, NA KILICHOWEZWA NA PANGA

Kwa hiyo msitu wa Shengena, ambao leo ni hifadhi ya mazingira asilia ya Chome, ni wa jamii ya misitu iliyoyapita mambo yaliyolikausha Ziwa Viktoria. Ni jambo la kutafakari. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika lilikauka, na misitu ya milima midogo ikasimama.

Lakini uvumilivu huo una kikomo, na kikomo chenyewe ni sisi. Mwaka 2014 Matthias Heckmann na wenzake walitangaza uchunguzi wa kinamasi cha Lomwe, Upare Kaskazini, wenye kumbukumbu ya miaka 1,400. Humo hakuna habari za barafu. Mnaonekana kazi ya mwanadamu: miti ikipungua, mashamba yakipanuka, na udongo wa mitelemkoni ukishuka na kulala kinamasini. Mabadiliko ambayo baridi ya maelfu ya miaka haikuyaleta katika misitu ya Tao la Mashariki, moto na panga vimeyaleta kwa vizazi vichache.

Wazee wa Upare hawakuwa vipofu wa jambo hili. Walikuwa na misitu ya mila, mshitu na mpungi, ambamo mtu hakuthubutu kukata hata fimbo. Walijenga ndiva, mabwawa ya kukusanyia maji ya vijito usiku ili asubuhi yaelekezwe mashambani kwa zamu. Aliye na ndiva anajua thamani ya chemchemi, na ajuaye thamani ya chemchemi hafyeki juu yake.

MAJI YETU HAYATOKI KWENYE BARAFU

Watu wengi mijini huamini kwamba barafu ya Kibo ndiyo inywesha mkoa mzima, na kwamba ikiisha, mito itakauka siku hiyo hiyo. Hofu hiyo ina nia njema, lakini inaelekeza macho mahali pasipo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2000 zilibaki kama mbili na nusu, nayo imeendelea kupungua tangu hapo. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliitaja miongoni mwa barafu zinazotazamiwa kutoweka kabla ya mwaka 2050. Hewa ya kileleni imekuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ni chache, na dunia inazidi kupata joto.

Ni hasara kubwa, maana ndani ya barafu hiyo mna kumbukumbu ambazo hazina nakala. Mwaka 2000 wataalamu wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani waliitoboa wakatoa nguzo sita za barafu, na wakakadiria kwamba ya chini kabisa ina umri wa takriban miaka 11,700. Ikiyeyuka, ukurasa huo umefutwa.

Hata hivyo maji ya mito hutoka hasa kwenye mvua na ukungu vinavyokamatwa na ukanda wa msitu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza Kilimanjaro kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto unaoteketeza misitu ya juu unaupotezea mlima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Tazama ramani, ndugu msomaji wa Same. Mji umekaa nyuma ya milima, upande usiopata upepo wa mvua. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe huchota katika Bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo hulishwa na mto Kikuletwa, utokao Meru na Kilimanjaro, na mto Ruvu, unaopokea maji ya Kilimanjaro na ya Ziwa Jipe. Ziwa Jipe nalo hupokea vijito vya Upare Kaskazini. Mpunga wa Ndungu hunyweshwa na mto Yongoma, unaoshuka Upare Kusini. Kila bomba na kila mfereji, ukiufuata nyuma kwa subira, utakufikisha kwenye mti uliosimama ndani ya ukungu.

Barafu hatuna uwezo wa kuirudisha. Hata dunia yote ikiacha leo kuchafua hewa, ile ya Kibo haitapona upesi. Msitu uko mikononi mwetu. Wengi wetu tufanyao kazi Dar es Salaam, Tanga na Arusha hupanda milimani kila Desemba kuwaona wazazi. Wengine tunajenga, na tunanunua mbao bila kuuliza zimetoka wapi. Wengine tuna mashamba yanayosafishwa kwa moto na vijana tuliowalipa kwa simu, huku sisi tukiwa mbali. Swali la "mbao hizi zimetoka wapi?" halina gharama. Agizo la "msichome moto, na mwache miti ya kando ya chemchemi" nalo halina gharama.

Na mtoto akiuliza ndani ya basi, sasa lipo jibu la kumpa. Mwambie: Hapana, mlima wetu haukuwahi kuwa na barafu. Ulikuwa na msitu wakati jirani yake alipovaa barafu mpaka kiunoni, ulikuwa na msitu wakati Ziwa Viktoria lilipokuwa nyasi, na bado unao. Kisha mwonyeshe pale juu, penye wingu. Ndipo maji ya nyumbani yanapoanzia.

Tuonane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.